UZI: Atachimenti (mafunzo kazini) ya uandishi wa habari nje ya nchi. Chagua mhariri kwanza, mji baadaye

#1 Binti wa Majengo

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote wana Mombasa.

Tangu vyuo vifunge muhula simu yangu haitulii. Kila anayesoma diploma ya uanahabari ananiuliza swali lile lile: "Dada, nitapataje atachimenti ng'ambo?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja WhatsApp, nimeona niyaweke yote hapa. Wenye ujuzi waongeze, wenye maswali waulize.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwenda nje kuna faida, na ningefurahi kila mwanafunzi wa habari hapa Pwani apate kuonja chumba cha habari cha nchi nyingine. Tatizo ni kwamba wengi wenu mwachagua mji. Mwataka London, Berlin, New York. Mimi nawaomba muulize kwanza: huko niendako nitaandika kwa jina langu? Na ni nani atakayekaa nami azipitie habari zangu mstari kwa mstari? Mahali ambapo jibu ni "tutaona", hata jengo liwe la vioo juu mpaka chini, usiende. Mahali ambapo mhariri atakukalia, nenda hata kama ni Tanga.

Nasema hivi kwa sababu nimepita kote kuwili. Nikiwa mwanafunzi nilifanya mafunzo yangu Dar es Salaam, katika gazeti la Kiswahili. Baadaye, nikiwa ripota wa redio hapa Mombasa, nikapata nafasi ya mafunzo mafupi Ujerumani, kwenye kituo cha utangazaji cha mji mmoja. Wajerumani walinipokea vizuri sana. Walinifundisha kusafisha sauti, kupanga podikasti, kuhifadhi rekodi kwa utaratibu ambao nautumia mpaka leo. Lakini mkutano wa asubuhi uliendeshwa kwa Kijerumani, na mwenzangu mmoja mwenye roho nzuri alikuwa akininong'oneza kwa Kiingereza kila alipopata mwanya. Habari zenyewe zilikuwa nauli za tramu, ukumbi wa shule uliovuja, mvutano wa madiwani. Ningemhoji vipi mzazi wa pale kuhusu ukumbi wa shule ya mwanawe kwa lugha nisiyoijua? Basi nilikaa nikiwatazama watu wakifanya kazi. Kutazama nako kuna mafunzo, ila mkono haujengeki kwa kutazama.

Dar ilikuwa habari nyingine. Mapema tu mhariri wa dawati la biashara alinituma Soko la Samaki la Feri, pale Kivukoni, alfajiri mnada unapoanza. Mtoto wa Mombasa, samaki nawajua. Nikarudi na habari ndefu: bei imepanda, wavuvi wanalia, mama lishe wanalalamika. Akaisoma mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi, na pembeni mwa kila aya akaandika swali. Imepanda kutoka ngapi hadi ngapi? Samaki gani? Kwa kilo au kwa fungu? Aliyekwambia ni dalali au mnunuzi? Dalali anapata nini watu wakiamini bei imepanda?

Akanirudishia karatasi, akasema, "Kesho nenda tena, usimuulize mtu kitu kwa saa nzima ya kwanza. Simama tu uandike bei."

Nikaenda. Nikasimama karibu na meza ya mnada, maji ya barafu yakinichuruzika viatuni, nikaandika bei ya kila fungu la changu na la vibua: ilipoanzia, ilipoishia, na aliyelichukua. Ndipo nikaona kwamba mafungu makubwa yalikuwa yakienda kwa watu wale wale, kisha wao ndio wanaowauzia mama lishe hatua chache kutoka pale pale mezani. Hiyo ndiyo ikawa habari. Ilipotoka gazetini ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na hakuna aliyepiga simu kuikanusha. Leo nikienda Kongowea kuripoti bei ya nyanya, nafanya vile vile: nasimama kwanza.

Hilo ndilo ninalotaka mlipate. Mji wowote utakaowapa hilo ni mji mzuri.

#2 Kijana wa Kisauni

Dada shukran kwa uzi. Lakini nikuulize kwa heshima: wasifu wangu wa kazi si utapendeza zaidi ukiwa na London kuliko Dar? Waajiri wa hapa wanapenda majina makubwa. Na Dar si kama nyumbani tu? Mtu anataka kuvuka bahari.

#3 Binti wa Majengo

Mdogo wangu, swali lako ni la haki na sitalipuuza.

Mwajiri akiuona wasifu wako ataona London, sawa. Kisha atasema, "Nionyeshe kazi." Hapo ndipo wengi wanakwama, kwa sababu mtu aliyekaa huko akipanga mafaili na kunakili mahojiano ya wengine hana cha kuonyesha. Mwenye habari kumi zenye jina lake, zilizopita mikononi mwa mhariri mkali, anaziweka mezani na mazungumzo yanageuka kuwa ya mshahara.

Tena tazama kazi za Kiswahili zilikohamia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza London mwaka 1957, na kwa miaka mingi aliyetaka kuitumikia alilazimika kwenda huko. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo iko Nairobi, katika ofisi ambayo ilipofunguliwa mwaka 2018 ilielezwa kuwa kubwa kuliko zote za BBC nje ya Uingereza. Kwa hiyo kijana wa Kisauni anayeota BBC Swahili apande treni Miritini, si ndege.

Kama ni Ulaya, na unataka ulimi wako uwe na kazi, basi Bonn ndiyo ya kuifikiria, maana Deutsche Welle ina idhaa ya Kiswahili tangu mwaka 1963. Wana pia programu yao ya mafunzo ya muda mrefu inayoitwa Volontariat, yenye malipo, ila ushindani wake ni mkubwa na Kijerumani kinakupa nguvu. Ukiwa na nia ya kweli anza masomo ya lugha sasa, ukiwa bado kwa mama, wala usingoje barua ya kukubaliwa.

Na hilo la kuvuka bahari nalielewa. Hata mimi nilikuwa na hamu hiyo, na Ujerumani nilipoiona theluji nilipiga picha kama kila mtu. Nafsi yako ina haki ya kuona dunia. Nakuomba tu usiuchanganye utalii na ufundi wakati unapanga miezi yako michache ya mafunzo.

#4 Mzee wa Makadara

Binti, umenena. Mimi ni mwandishi wa mashinani tangu enzi za kutuma habari kwa faksi, na nina jambo la kuongeza kwa vijana hawa.

Mwasema mwataka uzoefu wa kimataifa. Mwaka 2023, miili ya waumini waliofunga mpaka kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, dunia nzima ilishuka Malindi. Kamera za kila nchi. Ikafika zaidi ya miili mia nne. Na hao wageni wote, unadhani walijuaje njia ya kwenda msituni, nani ni chifu, familia gani iko tayari kuzungumza na ipi iachwe na majonzi yake? Waliongozwa na waandishi wa hapa hapa Pwani. Vijana waliofanya kazi na timu zile walijifunza kwa wiki chache mambo ambayo darasani hayapo: jinsi ya kuthibitisha idadi kwa vyanzo viwili kabla ya kuitoa, jinsi ya kumhoji mfiwa bila kumuumiza mara ya pili, jinsi ya kulinda picha ya mtoto.

Lakini wengine walitoka mikono mitupu. Walilipwa ujira wa siku, habari ikatoka, majina yao hayamo. Kwa hiyo kila timu ya nje ikikupigia simu, mkubaliane kabla ya kuondoka Mombasa: malipo ni kiasi gani, bima ni ya nani mkipata ajali njiani, na jina langu litaandikwa wapi. Iandikwe kwenye baruapepe. Mgeni mstaarabu hatakasirika, na asiyetaka kukuandikia afadhali umjue mapema.

Na msingoje misiba. Owino Uhuru ile ya Changamwe, kijiji kilichopata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, imekuwa habari ya dunia. Phyllis Omido, mwanaharakati aliyewapigania wakazi, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, mahakama hapa Mombasa ikaamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Je, ni wangapi kati yenu wanafunzi mmewahi kufika pale mkae na wale kina mama? Hiyo ni safari ya matatu tu kutoka mjini.

#5 Baba Halima

Salaam. Mimi si mwandishi wa habari, nina binti anasomea kazi hii na ndoto yake ni kwenda Ulaya. Kuna kampuni imempigia, wanasema watampatia nafasi ya miezi mitatu katika kituo cha televisheni Uingereza, ila tutangulize shilingi laki moja na themanini za "kushika nafasi", kisha tukifika mwisho kuna nyingine. Wana ofisi nzuri tu mjini, wana kalenda na fulana. Binti analia usiku, anaona mimi namzuilia riziki. Nifanyeje?

#6 Binti wa Majengo

Baba Halima, shikamoo. Usitoe hata senti kabla ya kuyafanya haya.

Muombe binti awaulize jina kamili la kituo hicho na mtu wa kuwasiliana naye. Kisha aandike mwenyewe, moja kwa moja, kwa anwani iliyo kwenye tovuti rasmi ya kituo, aulize kama wana mpango huo na kampuni hiyo. Kampuni ikikataa kutaja kituo mpaka ulipe, jibu umeshalipata. Kampuni yoyote inayopeleka Wakenya kazini nje inapaswa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwenye mtandao wa mamlaka hiyo. Itafute kwa jina lile lile lililo kwenye risiti, si lile lililo mlangoni.

Kisha kuna suala la viza. Kwenda Uingereza kufanya mafunzo kazini si safari ya mgeni anayetembelea jamaa. Kama wamekwambia "aingie kwa viza ya utalii, mengine tutapanga akifika", baba yangu, mkataze. Akikamatwa anafanya kazi kwa viza isiyo yake, jina lake litachafuka kwenye maombi ya miaka mingi ijayo, na wao hawatajulikana walipo.

Mwambie Halima pia, kwa upole, kwamba mipango mikubwa ya waandishi wa nchi zetu inakulipa wewe. Alfred Friendly Press Partners ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984, inawachukua waandishi wa umri wa miaka 25 hadi 35, inawafunza Missouri na kuwapeleka kwenye vyumba vya habari vya huko kwa gharama yake. Mfuko wa Dag Hammarskjöld, ulioanza mwaka 1961, unawapeleka waandishi vijana New York kuripoti Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nao unagharamia. BBC ina Tuzo ya Komla Dumor tangu mwaka 2015, ambapo mshindi anakwenda London kufanya kazi nao. Mkenya Waihiga Mwaura aliishinda mwaka 2018, Victoria Rubadiri mwaka 2020. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenunua kiti.

Kitu kimoja mtakiona: yote hiyo inataka mtu ambaye tayari anafanya kazi. Binti yako bado ni mwanafunzi. Hajachelewa, amewahi mno. Hiyo laki moja na themanini, kama ipo, inaweza kumkalisha Dar kwa muda mzuri akiandika kila siku, na ibaki ya kununua kinasa sauti.

#7 Mama wa Redio

Nakazia la Baba Halima. Kuna pia upande wa Umoja wa Mataifa: wana idhaa ya habari ya Kiswahili New York, na wanachukua wanafunzi wa mafunzo. Lakini mafunzo kwenye Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hayana mshahara. Nauli, kodi ya nyumba na chakula vinatoka mfukoni mwako, na New York si Bamburi. Kama huna jamaa wa kukulaza, fikiria mara mbili.

#8 Aliyekaa Beijing

Naomba nizungumzie China maana hakuna aliyeigusa.

Tangu mwaka 2014 Wachina wana mpango wa kuwaalika waandishi kutoka Afrika Beijing kwa miezi kadhaa. Tiketi, nyumba na posho ni juu yao. Nilikwenda nikiwa tayari nina miaka kadhaa redioni. Nilichofaidika nacho ni kuona nchi ile kwa macho yangu, viwanda, vijiji, bandari. Ukitoka Kilindini ukasimama kwenye bandari za Wachina, unaanza kuuliza maswali mapya kuhusu makasha yetu, kuhusu kwa nini meli inasubiri au haisubiri, kuhusu ile reli ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 na mzigo ulioelekezwa huko. Habari zangu za bandari zimebadilika tangu nirudi.

Lakini Binti wa Majengo angeniuliza swali lake, "nani alizipitia habari zako?", ningemjibu kwa uaminifu: mhariri wangu wa Mombasa, kwa simu. Ziara nyingi zimepangwa na mwenyeji, na anayekuonyesha kiwanda ni mwenye kiwanda. Ukienda ukiwa tayari una msimamo wa kazi, unachuja na unafaidika. Ukienda ukiwa mbichi, utarudi unaandika matangazo ukidhani ni habari. Kwa hiyo nasema: China ndiyo, lakini si ya mwanafunzi.

Kuna Idhaa ya Kiswahili ya Redio China Kimataifa pale pale Beijing, na wenzetu wa Kenya na Tanzania wamefanya kazi humo. Hapo walau unasoma na kuandika kwa Kiswahili kila siku.

#9 Mpwani Halisi

Nimesoma kote nikasubiri mtu aseme hili, hakuna. Binti, unawapeleka watoto Dar kana kwamba huko vyombo vya habari viko huru. Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, alipotea Novemba 2017. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano ya huko ilisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa siku 30. Gazeti linahitaji leseni ya serikali lichapishwe. Wewe wampeleka mwanafunzi mgeni, asiyejua mpaka uko wapi, ajifunze uandishi hapo? Atajifunza kuogopa.

#10 Binti wa Majengo

Kaka, nakushukuru kwa kulileta, maana ni zito na sikutaka lipite kimya. Uliyoyataja yote yametokea, na ndugu zetu waandishi wa Tanzania wameyalipia kwa gharama ambayo sisi hatujailipa. Namkumbuka Azory kila ninaposikia Kibiti ikitajwa.

Nakubaliana nawe kwamba mwanafunzi mgeni hapaswi kupelekwa dawati la siasa Dar. Wala wahariri wa huko wenye busara hawampeleki. Lakini sikubali kwamba atajifunza kuogopa tu. Nilichokiona mimi ni watu wanaohakiki kila namba mara mbili kwa sababu wanajua kosa dogo linaweza kufunga gazeti. Kwetu Kenya tumezoea kusema ovyo hewani kisha tukaomba radhi baada ya tangazo la biashara. Na sisi pia tusijione tumefika: Juni 25, 2025 vituo vyetu viliamriwa viache kuonyesha maandamano mubashara, mahakama ikalazimika kuingilia kati.

Anayekwenda aombe dawati la biashara, afya, michezo, mazingira au utamaduni. Atapata kazi tele na mhariri mwenye muda. Aliye na hamu ya siasa afanye siasa nyumbani, anakoijua ardhi.

#11 Kijana wa Kisauni

Dada, mmenigeuza mawazo, wallahi. Sasa niambie ya kufanya. Naanzia wapi? Na chuo chetu kinasema msimamizi lazima aje kukutembelea kazini ajaze daftari, la sivyo atachimenti haihesabiwi. Atakuja Dar?

#12 Binti wa Majengo

Hapo kwenye msimamizi ndipo wengi hupotezea muhula mzima, kwa hiyo shika hili kabla ya jingine lolote. Nenda ofisini kwa mratibu wa atachimenti sasa hivi, kabla hata ya kuandika barua kwa gazeti, na uombe kibali cha kutathminiwa kwa Zoom na kwa ripoti ya mhariri. Usikubali "sawa, nenda tu" ya mdomoni. Waandike, wapige muhuri. Vyuo vingine vinakubali, vingine vinakwambia fanya nusu hapa nusu kule. Chuo kikikataa kabisa, maliza atachimenti yako Mombasa, uende Dar ukishahitimu. Diploma yako ni muhimu kuliko safari.

Kuingia Tanzania kwetu Wakenya viza haihitajiki, lakini ile muhuri ya mgeni utakayogongewa Horohoro ni ya kutembea, haikuruhusu kufanya kazi. Kwa mwanafunzi wa mafunzo kuna kibali cha ukaazi cha daraja C, na kinashughulikiwa pamoja na taasisi inayokupokea. Gazeti lisilotaka kukusaidia kwa hilo halina nia nawe. Waulize pia kuhusu kitambulisho cha mwandishi, usishike kamera mtaani bila hicho. Beba pasipoti, maana kitambulisho cha taifa kinachokufikisha Uganda na Rwanda hakitoshi huko. Beba na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Nimeona watu wakishushwa basi pale mpakani kwa sababu ya kadi hiyo, mabegi yao kwenye jua, na basi halingoji.

Anayekwenda Ujerumani au nchi jirani za huko ajue kwamba viza inaombwa Nairobi. Treni ya usiku kutoka Miritini itakufikisha, na bima ya afya ya safari kwa viza ya Schengen lazima ifike euro 30,000. Tafuta miadi mapema sana. Wanaoanza kutafuta baada ya kupata barua ya kukubaliwa mara nyingi hupitwa na tarehe.

Sasa kazi za kuonyesha. Chukua habari nne ulizozifanya hapa Mombasa. Usipeleke hotuba ya gavana, hiyo kila mtu anayo. Nenda kivuko cha Likoni, uliza kwa nini feri fulani haifanyi kazi, na usirudi mpaka umepata jibu la mwenye mamlaka na la abiria aliyechelewa kazini. Nenda Mji wa Kale, zungumza na wenye nyumba za zamani kuhusu gharama ya kuzikarabati. Andika. Mpe mtu azisome kabla ya kuzituma. Kama huna, nitumie mimi.

Barua ya maombi iwe fupi. Mhariri wa gazeti hana muda wa kusoma "tangu utotoni nimekuwa na mapenzi na kalamu". Mwambie wewe ni nani, unataka dawati gani, utakuwepo kuanzia lini hadi lini, chuo kimekuruhusu, na hizi hapa kazi zako. Kisha mwambie habari mbili ambazo ungependa kuzifanya ukiwa Dar. Hilo la mwisho ndilo litakalomfanya akujibu. Kwa mfano mtu wa Mombasa anaweza kufuatilia bidhaa zinazovuka Lunga Lunga na Horohoro, kwa nini machungwa ya Tanga yanafika Kongowea kwa bei ile, nani anatozwa nini njiani. Habari hiyo mwandishi wa Dar hana nusu yake, na wewe huna nusu nyingine. Mkikutana mnaipata nzima.

#13 Mzee wa Makadara

Hiyo ya machungwa mimi mwenyewe nataka kuisoma. Kijana, ukienda mpakani nitafute, nina watu pale Lunga Lunga watakaokuonyesha yalipo maegesho ya malori.

#14 Baba Halima

Nimerudi kuwapa habari. Halima ameandika kwa kile kituo cha Uingereza kama mlivyosema. Wamejibu kwa adabu kwamba hawana mpango wowote na kampuni hiyo wala hawaijui. Tumehuzunika, lakini pesa zipo. Anasema anataka kujaribu Dar, dawati la afya. Mama yake ana shangazi Temeke.

#15 Binti wa Majengo

Alhamdulillahi. Baba, chukueni ile barua ya kituo pamoja na ujumbe wa kampuni mkaripoti polisi na kwa Mamlaka ya Ajira, ili mzazi mwingine asitapeliwe. Msione haya, hamkufanya kosa lolote.

Na shangazi wa Temeke ni neema kubwa, kodi ya nyumba ndiyo inayowarudisha wengi kabla ya wakati.

Halima, najua unasoma hapa. Nitumie kazi zako zote za afya ulizo nazo, hata zile unazoona hazijaiva. Kama huna ya afya, una nafasi ya kwenda kliniki ya kina mama iliyo karibu nawe, omba ruhusa kwa muuguzi mkuu, keti kwenye benchi la kusubiria, na usiulize kitu kwa saa nzima ya kwanza. Tazama nani amefika saa ngapi na ameondoka saa ngapi, dawa gani ipo na gani wameambiwa wakanunue nje. Andika majina kwa idhini yao tu. Kisha uanze kuuliza. Ukimaliza niletee, tutaipitia pamoja kabla hujaandika barua yoyote ya maombi.

#16 Kijana wa Kisauni

Mratibu wa chuo amekubali tathmini kwa Zoom, ila anataka ripoti ya mhariri kila wiki mbili. Barua yangu nimeiambatisha hapa, pamoja na habari zangu mbili, ya feri na ya tamasha, naomba mniangalizie.

#17 Binti wa Majengo

Nimeisoma. Aya ya kwanza iondoe yote, anza pale unaposema "Nasoma mwaka wa pili". Habari ya feri ni nzuri lakini hujamweka msemaji wa shirika la feri, mpigie kesho asubuhi. Ya pili, ile ya tamasha, usiitume, weka ya wachuuzi wa Marikiti. Na utaje kwamba ripoti ya kila wiki mbili inahitajika, ili mhariri ajue mzigo anaoupokea. Ukishazirekebisha irudishe hapa hapa, Mzee wa Makadara naye aitazame.